Injini Nyingine, Gari Lile Lile

Rafiki yangu mmoja, mwandishi wa hadithi fupi huko Dar es Salaam, aliniangalia kwa huruma nilipomwambia kwamba nimeweka injini ya LiteAce kwenye Corolla ya marehemu baba. "Umeliua gari," akasema. "Sasa si orijino tena. Bora ungeliacha kama lilivyokuwa."

Kama lilivyokuwa! Lilikuwa limekaa Kizwite juu ya mawe miaka kumi na moja, kuku wanatagia kiti cha nyuma, mvua inaingilia kwenye kioo cha dereva kilichogoma kupanda tangu baba yu hai. Sakafu upande wa abiria ilikuwa imeoza mpaka unaona nyasi. Hicho ndicho alichotaka nikitunze. Neno "orijino" limenikaa kooni tangu siku hiyo, na kwa kuwa hapa tunasoma watu wanaopenda maneno, acha nilitemee hapa.

Mwaka juzi kaka yangu aliitisha kikao cha familia. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wamepita mara ya tatu na mizani yao. Wao hawanunui Corolla, wananunua kilo, na kilo hizo mwisho wake ni kuyeyushwa ziwe nondo za ghorofa la mtu. Hesabu ya kaka ilikuwa safi: gari liondoke, pesa iongezwe kidogo, tununue pikipiki itakayomletea Mama hela ya kila siku. "Dogo, kumbukumbu haijazi tumbo," aliniambia, na sikuwa na jibu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ile KE70 aliinunua mkononi mwa mtu, akailipa kidogo kidogo, nayo ikabeba kila kitu chetu: magunia ya mahindi, wagonjwa wa mtaa mzima, sanduku langu la bati siku naenda sekondari. Hayo yote nilikuwa nayajua, lakini hayakuwa hoja. Niliomba mwaka mmoja tu.

Mama ndiye msimamizi wa mirathi. Alisikiliza, halafu akasema: "Likitembea, libaki. Lisipotembea, liende."

Liangalieni vizuri sharti hilo. Mama hakusema likipendeza, wala likifanana na lilivyotoka kiwandani. Alisema likitembea.

Sasa, mimi ni mwandishi wa habari. Yaani kuna miezi nina mshahara na kuna miezi nina ahadi. Fundi niliyempata gereji yake ni mkaratusi mmoja na turubai. Alivua silinda hedi, akapitisha kidole ndani ya silinda, akatikisa kichwa. Injini ya kuzaliwa ya gari lile ni 4K, cc 1290, ya kabureta, mashine isiyo na makuu. Ilishachongwa na kuwekewa pistoni za ovasaizi mara ya mwisho enzi za baba, na hapakubaki nyama ya kuchonga tena. Bloki ilikuwa na ufa kwenye njia ya maji. Oili aliyoikinga kwenye karai ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Njia ya orijino ilikuwepo, tusidanganyane. Nilimpata kwa simu mtu wa Dar mwenye 4K nzima. Bei aliyonitajia ilitosha kununua injini mbili kama niliyoinunua baadaye na chenji ikabaki, na dhamana yake ilikuwa maneno mawili: "Niamini, braza." Hapo ndipo nilipoelewa orijino ni nini. Orijino ni bei. Wanaoihubiri wana gari jingine la kuwapeleka kazini. La zamani wanalitoa Jumapili, wanapiga nalo picha, wanalirudisha chini ya turubai. Sina ugomvi na starehe ya mtu. Ugomvi wangu unaanza pale starehe hiyo inapogeuzwa kuwa maadili, sisi wengine tukaonekana wahalifu kwa sababu tumetaka gari lifike Laela na kurudi.

Fundi aliniuliza swali moja tu: "Kaka, unataka gari au unataka picha?"

Tukafuata 5K. Kwa asiyejua, 5K na 4K ni ndugu wa tumbo moja. Mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 73. Kilichoongezeka ni upana wa silinda, kutoka milimita 75 hadi 80.5, na ndiyo maana cc zinafika 1486 huku gia boksi la zamani likiipokea bila ugomvi. Toyota waliifunga kwenye LiteAce, kwa hiyo spea zake bado unazipata Mbeya na Tunduma bila kumpigia mtu magoti. Yetu ilitoka kwenye LiteAce iliyogongwa nyuma, huko Mbeya. Nilitoa shilingi 1,100,000, ikapakiwa kwenye fuso la mizigo na kupanda hadi Sumbawanga kwa lami ile iliyojengwa kwa fedha za Wamarekani wa MCC. Bila barabara hiyo, nadhani nauli ingenishinda kabla ya injini.

Kuingia haikuingia kirahisi. Kwenye LiteAce injini imelazwa ubavu chini ya viti, kwa hiyo sampu yake, lile bakuli la oili la chini, ina umbo lisilofaa kwenye Corolla. Fundi akaivua, akafunga sampu ya 4K pamoja na bomba lake la kufyonzea oili. Akahamisha mikono ya kushikia injini kutoka bloki la zamani kwenda jipya, akarudisha na njia ya moshi ya zamani. Siku mbili alikuwa akifunga na kufungua. Siku ya tatu akajifuta mikono na kusema, "Imekubali."

Nyie mnaofuatilia maneno, likamateni hilo. Gerejini kitu hukubali au hukataa. Nati imekataa, gia imekubali. Kwa mwaka mzima sikumsikia fundi yule hata mara moja akiuliza kama kitu ni orijino, isipokuwa alipotaka kujua kama beringi niliyonunua ni feki. Kwake orijino ni kinyume cha feki basi, maana yake kitu kisichokudanganya. Rafiki yangu, mwenye shahada mbili za fasihi, amelichukua neno zima la kazi na kulifanya ibada.

Halafu hiyo 4K mnayoililia, ni orijino ya wapi? Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu moja ya tano, na kabureta iliyotegwa kwa hewa ya pwani huku juu inamwaga petroli ya ziada, plagi zinatoka nyeusi kama chungu cha kuni. Baba alishabadilisha jeti za kabureta ile miaka mingi kabla sijajua jeti ni nini. Alishabadilisha pistoni. Alishafunga betri ya saizi nyingine na kuikaza kwa mpira wa baiskeli. Kama usafi ndio kipimo, muuaji wa kwanza ni yeye.

Hata Toyota wenyewe hawako upande wenu. Hiyo K ya kwenye KE70 inataja ukoo wa injini, na E inataja Corolla. Ukiweka 5K, gari bado ni KE. Na serikali je? Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadili injini unakwenda TRA na karatasi zako, namba inabadilishwa, na maisha yanaendelea. Chasisi ndiyo inayobaki kulitambulisha gari. Kwa hiyo mbele ya mtengenezaji na mbele ya mtoza kodi, lile ni gari la baba. Mahakama pekee ambako nimetiwa hatiani ni ya mwandishi wa hadithi fupi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba maneno haya yanasemwa juu ya gari la Ufipa. Huku ndiko waliko wazee waliojenga malungu, matanuru marefu ya udongo kumzidi mtu kimo, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivukuto. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyaandikia kitabu. Chuma kilichotoka kwenye ilungu kilikuwa hakijafaa kitu. Kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, kikachomwa mara ya pili ndipo mhunzi akapata cha kufulia jembe. Jembe lenyewe likiisha makali linarudi motoni, na mpini ukivunjika unachongwa mwingine. Mwambie mkulima wa Ufipa kwamba jembe la babu yake si la babu yake tena kwa sababu ya mpini, akusikilize kama hajakupa la kulimia ili unyamaze.

Nanyi watu wa vitabu mna kesi ya peke yenu. Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Shakespeare mwaka 1963, na akairudia upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, alifanya nini kama si kubadilisha injini? Watu ni wale wale, visu ni vile vile, Brutus ni yule yule, ila kinachousukuma mchezo ni Kiswahili. Tafsiri ya kwanza haikumridhisha, akafungua tena boneti. Tungefuata dini ya orijino, Shakespeare angekuwa bado yuko juu ya mawe, akisubiri Watanzania wote wajue Kiingereza cha karne ya 16. Nusu ya mnavyojivunia kuvisoma, Dostoevsky wenu na Márquez wenu, vimefika kwenu na injini ya mtumba. Mkaendesha, mkafurahi, na hamkuuliza namba.

Nitakiri jambo moja, kwa sababu rafiki yangu hakulitaja na ndilo pekee lenye uzito. 4K ya baba ilikuwa na sauti yake, mlio wa vali uliolegea kidogo, kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe. Mama alikuwa akiusikia gari likiwa bado kwenye kona ya chini, anaamka kwenda kuinjika maji. Jioni ya kwanza niliyoingia na 5K, nilifika mpaka getini na hakuna aliyetoka. Nikapiga honi. Mama akachungulia, akasema, "Nilidhani ni gari la watu." Nilikaa ndani ya gari kitambo kabla ya kushuka. Sauti ile haipo tena na fundi hawezi kuirudisha. Nisingekuwa na deni lake, ningelia pale pale.

Lakini hata 4K ya Dar isingekuja nayo. Mlio ule ulikuwa wa uchakavu wa injini ile moja, umetengenezwa na miaka ya baba na barabara za baba.

Hesabu, kwa wanaotaka hesabu: injini, usafiri, kuchomelea, rangi, tairi nne za mtumba, breki, na chakula cha fundi na vijana wake, jumla shilingi 3,400,000 kwa miezi kumi na mmoja. Sakafu imezibwa kwa bati la pipa la lita 200, na viraka unaviona ukilala chini ya gari. Kioo cha dereva kinapanda. Mahindi ya msimu huu yametoka shamba kwa safari tano, na kaka, yule wa pikipiki, ndiye aliyeendesha tatu kati ya hizo. Mama anapelekwa kliniki kila mwezi, na ameshaanza kulalamika kwamba naendesha kwa kasi kuliko marehemu.

4K bado ipo, nyuma ya jiko, juu ya mawe yale yale. Haijaguswa, namba yake inasomeka vizuri, na kuku wameshahamia. Rafiki yangu akipenda orijino, nauli ya basi mpaka Sumbawanga anaiweza. Aje aichukue.