Kitunguu kwa bei ya wiski: swali langu kwa wauza "fursa"

Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye semina moja ya ujasiriamali hapa mjini. Kiingilio si mchezo. Mtoa mada akatuambia njia ya uhakika ya kutajirika ni kukodi jina la kampuni kubwa ya nje. Unalipa ada, unapewa nembo, mapishi na utaratibu mzima, kisha kazi yako ni kuhesabu fedha. Fransaizi hiyo! Akasema patamu zaidi ni nchi ndogo za visiwani: watalii wengi, wapinzani wachache. Nikanyoosha mkono nimuulize kuhusu Iceland. Muda wa maswali ukawa umekwisha. Basi namuuliza hapa.

McDonald's iliingia Iceland mwaka 1993, na Big Mac ya kwanza alikula waziri mkuu wa wakati huo, Davíð Oddsson. Oktoba 2009, migahawa yote mitatu ikafungwa. Wateja walikimbia? Wapi! Mwenye leseni alisema hajawahi kuwa na wateja wengi kiasi kile, na hajawahi kupata faida ndogo kiasi kile. Inawezekanaje?

Jibu liko kwenye utaratibu ule ule tunaosifiwa. Nyama, jibini, vitunguu, hata vifungashio, vyote vilitoka Ujerumani. Oktoba 2008 benki tatu kubwa za Iceland zilianguka, na fedha yao, krona, ikaporomoka nazo. Ongeza na ushuru wa kuingiza vyakula. Yule bwana akalalamika kwamba kilo moja ya kitunguu inamgharimu sawa na chupa ya wiski nzuri! Big Mac iliuzwa krona 650. Ili apate faida ya maana ilibidi ifike 780. Wakati huo washindani wake walikuwa wananunua kwa wakulima wa hapo hapo, wanauza kwa bei yao.

Akafanyaje? Akashusha nembo, akafungua migahawa yake mwenyewe, akaiita Metro, akaanza kutumia mazao ya nyumbani.

Na si Iceland peke yake. Barbados, McDonald's ilifungua mwaka 1996 na haikumaliza mwaka. Chefette, ya wenyeji, ipo tangu 1972 na inauza kuku mpaka leo.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi jina la nje ni sumu. Domino's nayo iliingia Iceland mwaka huo huo wa 1993 na haijaondoka. Ninachosema ni kwamba kisiwani kila kitu kinapanda meli, na fedha ya nchi ndogo ikiyumba, anayeumia ni yule aliyesaini. Mwenye jina kwa kawaida hukata asilimia yake kwenye mauzo, si kwenye faida. Ukiuza sana kwa hasara, yeye bado anakula. Wewe unahesabu fedha kweli, lakini za watu!

Kwa hiyo, kaka mtoa mada, kabla hujachukua viingilio vingine, wajibu watu haya matatu. Mkataba unaniruhusu kununua kitunguu sokoni kwetu, au lazima kije na meli? Fedha yetu ikishuka nusu, nani anabeba? Na nikitaka kutoka, natoka na nini?

Nimemwona kijana mmoja pale akiuliza bei ya kiwanja cha baba yake ili apate mtaji wa ada. Huyo ndiye aliyenifanya nikae kuandika usiku huu. Mdogo wangu, kama unasoma hapa: omba mkataba kwanza, mpelekee mwanasheria, kiwanja kikae palepale.

Wenye mawazo tofauti karibuni, tubishane kwa hoja. Nawasilisha.