Nyongeza na Lumbesa: Karatina na Deni la Kiswahili

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi wa Kiswahili huijua methali hii tangu shule ya msingi. Huieleza maana ya nje na ya ndani, akapata alama zake na kupita. Ni wachache, hata hivyo, wanaojiuliza kibaba chenyewe ni kitu gani, kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja, na kwamba methali hiyo ilizaliwa mahali palipokuwa na anayepima na anayepimiwa, kila mmoja akiukodolea macho ukingo wa chombo. Makala haya yanashikilia kuwa mahali pa aina hiyo pangalipo, kwamba mojawapo ni mji wa Karatina, na kwamba taaluma ya Kiswahili imekuwa ikipapita bila kugeuza shingo.

Msafiri anayepanda matatu Skuta, viungani mwa mji wa Nyeri, na kuteremka kwa njia ya Marua, hufika Karatina kabla hajauzoea mtikiso wa kiti. Mji wenyewe ni mdogo. Umekaa katika eneo la Mathira, kusini-magharibi mwa Mlima Kenya, na umezungukwa na mashamba ambayo mengi hayazidi ekari chache. Juu, karibu na msitu, kuna majani chai yanayopelekwa katika kiwanda cha Ragati. Chini yake kuna kahawa ya wakulima wadogo waliojiunga katika vyama vya ushirika kama vile Barichu na Gikanda. Chini zaidi kuna mahindi, maharagwe, ndizi na nyanya. Mazao haya yote, pamoja na viazi na kabichi kutoka Kieni na mchele kutoka Mwea, hukutana katika soko la Karatina, ambalo kwa miaka mingi limetajwa miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya wazi nchini Kenya.

Mji huu haukuzuka jana. Reli ya kutoka Thika, iliyofika Nanyuki mwaka 1930, ilipita Karatina na kuupa kituo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilianzisha hapa kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi, na wakulima wa Mathira wakawa wanazalisha chakula cha askari ambao hawakupata kuwaona. Vita vilipomalizika kiwanda kilifungwa, ijapokuwa wakulima walitaka kiendelee. Hapo mkulima alijifunza somo ambalo hajalisahau: kuwa jasho ni lake, lakini bei na kipimo viko mikononi mwa mwingine.

Somo hilo linaweza kusomwa hadi leo katika maneno mawili ya sokoni, nyongeza na lumbesa. Mama muuza viazi anapokwisha kujaza gorogoro, mteja humwambia, "Mama, niongezee." Naye huokota viazi viwili au vitatu akavitua juu ya vile vilivyokwisha kulipiwa. Hiyo ndiyo nyongeza. Haimo katika bei wala hailazimishwi na sheria yoyote, lakini muuzaji anayeinyima huonekana mchoyo, na mteja hatarudi kwake. Nyongeza ni maneno yasiyosemwa: kesho pia tutaonana.

Lumbesa nayo ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa wavu au kamba juu yake ili libebe shehena nyingine iliyoinuka mfano wa kichuguu. Mnunuzi wa jumla hulilipia kama gunia moja. Akifika mjini hulifungua akauza kwa kilo au kwa debe, na kile kichuguu kikawa faida yake. Kwa macho, lumbesa na nyongeza ni kitu kimoja: mazao yaliyopita ukingo wa chombo. Kimaadili, umbali kati yake ni kama wa mbingu na ardhi. Nyongeza hutolewa na mwenye mali kwa hiari yake. Lumbesa hutwaliwa na mwenye lori kutoka kwa mtu asiye na ghala, ambaye anajua kuwa viazi vyake vitaoza iwapo lori litaondoka tupu.

Yeyote anayetaka kuufahamu mji wa wakulima hana budi kuanzia katika tofauti hiyo, kwa kuwa maisha ya jamii ya Karatina yamejengwa juu ya nyongeza. Ngwatio, yaani desturi ya majirani kulimiana mashamba kwa zamu, ni nyongeza ya nguvu. Chama cha akina mama, ambamo kila mwanachama hupokea mchango wa wenzake zamu yake ifikapo, ni nyongeza ya fedha. Harambee ya karo na ya hospitali ni nyongeza ya huruma, na chama cha ushirika cha kahawa kilianzishwa kwa wazo lilo hilo, kwamba debe la huyu na debe la yule yakikusanywa pamoja yana sauti mbele ya mnunuzi. Ushirika unapoendeshwa vibaya na mkulima akapunjwa na viongozi aliowachagua mwenyewe, uchungu wake huzidi ule wa lumbesa, maana hapo nyongeza yenyewe imegeuzwa lumbesa.

Je, Kiswahili kina deni gani katika haya? Lipo deni la sheria. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilichapisha kanuni za viazi zilizoweka kilo 50 kuwa kikomo cha uzito wa mfuko mmoja. Kanuni hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, hali Katiba ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mkulima anayebishana na mnunuzi kutoka mbali hubishana naye kwa Kiswahili. Silaha aliyotengenezewa imefungiwa katika lugha ambayo hawaitumii katika ubishi huo. Kila mwaka vyuo vikuu hutoa mahafali waliosomea tafsiri. Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wao hufanya mazoezi kwa matini za kubuni, ilhali kanuni inayogusa sahani ya kila nyumba ingeweza kutafsiriwa katika muhula mmoja na kubandikwa penye lango la soko.

Fauka ya hayo, lipo deni la fasihi. Karatina si mji usiojua maandishi. Gakaara wa Wanjau, aliyetiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, aliendesha shughuli zake za uchapishaji papa hapa Karatina, na shajara ya kizuizi chake ikamfanya kuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Noma ya mwaka 1984. Aliandika kwa Gĩkũyũ, wala hakuona kuwa mji wa viazi na kahawa ni mdogo mno kwa kalamu. Riwaya nyingi za Kiswahili, kinyume chake, humtoa mhusika kijijini na kumshusha jijini, au humweka pwani tangu mwanzo. Mji mdogo wa soko huwa ni mahali basi linaposimama ili abiria wanunue ndizi. Mamilioni ya Wakenya wanaoishi katika mahali hapo pa kununulia ndizi hawajioni katika vitabu wanavyotahiniwa.

Wapo watakaosema kwamba lugha ya Karatina ni Gĩkũyũ, na kwamba Kiswahili cha sokoni kimevunjika, hakifai kufanyiwa utafiti. Hoja hii haina mashiko. Muuzaji akiongea na jirani yake hutumia Gĩkũyũ, na ni haki yake. Lakini akijiwa na mnunuzi Mmeru, Msomali au Mkamba, biashara huhamia katika Kiswahili papo hapo. Kiswahili hicho kina ngeli zilizoyumba, ni kweli. Hata hivyo ndicho kinachobeba msamiati hai wa vipimo, mikopo na uaminifu, msamiati ambao kamusi zinauhitaji kuliko wenyewe unavyozihitaji kamusi. Wapo pia watakaosema kwamba lumbesa haitaondolewa na maneno, bali na maghala, mizani na barabara. Hao wamesema kweli, ila hawakuimaliza. Mizani isiyosomeka kwa yule anayepimiwa ni mizani ya mwenye lori.

Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Karatina kilipata hati yake, na sasa kuna wanafunzi wa chuo kikuu wanaonunua sukuma wiki katika soko hili. Wanapokea nyongeza kila wiki. Ingefaa nao waongeze kitu: orodha ya maneno ya vipimo iliyokusanywa kutoka vinywani mwa wachuuzi wenyewe, kanuni moja iliyotafsiriwa, hadithi fupi moja ambayo mhusika wake anaamka saa kumi alfajiri kwenda kushusha kabichi. Si mambo makubwa. Lakini kibaba hakijawahi kujazwa kwa makubwa, na yule mama aliyetua viazi vitatu juu ya gorogoro analijua hilo, ijapokuwa hakuna aliyewahi kumtahini methali.