Wati 4 Zinatosha

Wasee, leo nitawaudhi mashabiki wa redio za CB. Zile video za "nimeiongezea nguvu redio ya mzee" nyingi ni video za kuharibu redio. Jamaa anafungua Cobra 29 iliyomzidi umri, anakata transista moja, anazungusha skrubu mbili, sindano ya mita inaruka, laiki zinamiminika. Redio imefungwa ikiwa mbaya kuliko ilivyofunguliwa.

Kwa wale hawazijui: CB ni redio ndogo ya kuongea na kusikiliza, ya mwananchi wa kawaida, ambayo Marekani iliitengea nafasi kwenye masafa ya 27 MHz mwaka wa 1958. Ilikaa kimya kimya mpaka mafuta yalipoadimika 1973. Serikali ikashusha mwendo wa barabara kuu hadi maili 55 kwa saa, kama kilomita 88 hivi, na madereva wa malori wakaanza kupeana habari hewani: mafuta yako wapi, karao wamejificha wapi. Ni ile tu dere wa matatu anamwashia mwenzake taa kumwonya, ila hii ni kwa sauti. Baadaye raia wote wakaingia, kila mtu na jina lake la hewani. Hata Betty Ford, mke wa Rais, alijiita First Mama. Ukiniuliza mimi, huo ulikuwa mtandao wa kijamii kabla hatujazaliwa, na shida yake ilikuwa hii hii yetu: watu wengi, nafasi ndogo, na kila mtu anataka asikike yeye. Chaneli 23 zilifurika, na kuanzia Januari 1977 zikawa 40.

40, basi. Na zimebanana, nyingi ziko kilohezi 10 tu kutoka kwa jirani.

Sheria ya Marekani inakupa wati 4 ukitumia AM. Ndani ya redio kuna saketi inayochunga sauti yako isizidi kipimo, na hiyo ndiyo watu hukimbilia kukata. Ukiikata, kweli sauti inapanda na mita inakusifu. Lakini wimbi la AM lina mwisho wake. Ukilijaza kupita asilimia 100 linaanza kukatika, na vile vipande vinamwagika kwenye chaneli za wengine. Wewe uko 19, msee wa 18 na wa 20 wanakusikia kama mahindi yanayoruka kwenye sufuria. Na hiyo 19 ndiyo madereva wa malori hutumia kuambiana kuna ajali mbele au barabara ina barafu. Umewahi kupanda nganya ambayo ngoma inapiga mpaka makanga hasikii ukisema shukisha? Sasa ndiyo hiyo, ila kwenye barabara kuu na lori la tani kadhaa.

Halafu hesabu yenyewe haijipi. Redio hupima nguvu ya mawimbi yanayoingia kwa hatua za S, na kwa kipimo cha kawaida kila hatua inataka nguvu mara 4. Ukiwa na wati 4, unahitaji 16 ndio sindano ya anayekusikiliza ipande hatua moja. Ya pili inataka 64. Kwa hivyo jamaa amechokora redio yake kutoka wati 4 hadi 8, amefanya sherehe, amepost, na yule wa upande wa pili ameona nusu hatua. Nusu! Akiwa anakoroga chai hata haioni. Kitu kilichobadilika sana ni joto la ile transista ya mwisho inayosukuma nguvu kwenye antena, na ikiungua usishangae.

Najua jibu mtakalonipa: kila mtu anaongeza, ukibaki na 4 unamezwa. Ni kweli, na ndivyo Wamarekani walivyofika kwa chaneli 6, ambayo inajulikana kwa watu wenye ampulifaya za maelfu ya wati, kitu ambacho sheria yao imekataza kabisa. Mmoja anaongeza, jirani anaongeza, na mwisho wote wako pale pale walipokuwa, ila sasa wanatumia stima nyingi na hakuna anayeelewana.

Msidhani nasema redio zisifunguliwe. Wacha! Kizazi chetu tumeuziwa simu zilizofungwa kwa gundi, betri ikizeeka unaambiwa ununue nyingine. CB ya miaka ya 70 inafunguka kwa skrubu chache, kila kifaa unakiona kwa macho, na mara nyingi mchoro wa saketi ulikuja na redio yenyewe. Fundi wa Luthuli Avenue aliyezoea redio za kaseti angeisoma bila wasiwasi. Kitu cha aina hiyo kikikatwakatwa kwa ajili ya video ya sekunde 40, mimi huumia.

Na kazi ya maana iko tele humo ndani, tu haivutii kwa kamera. Anza na kapasita za elektroliti, zile kama vikopo vidogo. Ndani zina kemikali ya majimaji ambayo hukauka, na baada ya miaka 40 redio inavuma na sauti inanyong'onyea. Badilisha, uangalie upande wa hasi. Safisha vifundo vinavyokwaruza ukivizungusha. Halafu nenda upande wa kupokea. Kuna koili zenye kijiti laini cha kuzungusha katikati, na hapo usiingize bisibisi ya chuma: chuma kinavuruga kipimo, na kijiti kikipasuka umekwisha. Tumia ya plastiki, robo mzunguko, sikiliza, robo tena. Sijui kwa nini sehemu hii haina mashabiki. Mtu ana wati 100 za kupiga kelele na hawezi kumsikia anayemjibu.

Antena nayo. Wimbi la 27 MHz lina urefu wa kama mita 11, na antena ya robo yake ni kama mita 2.7. Ikiwa fupi zaidi, hicho kifupi unakilipia. Pima nguvu inayorudi kwenye redio: ikiwa chini ya 1.5 uko fiti, ikifika 3 zima kwanza.

Kuna mabadiliko mengine ninayoyavulia kofia: wale wanaochukua CB nzee na kuihamisha mpaka 28 MHz, masafa ya redio za ridhaa, wakiwa na leseni. Hiyo inataka akili, na unatoka na redio inayofanya kazi mpya. Kwa wale wa huku wameanza kupata mawazo, hapa leseni hutolewa na Communications Authority, na jina lako la hewani litaanza na 5Z4. Usirushe chochote kabla ya hapo.

Kama bado unaona natetea mambo ya wazee, washa data. Tafuta WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ni redio ya kusikiliza kupitia brauza. Weka 27185, chagua AM, na iwe mchana wa huko. Jua likiwa limeamka vizuri, wati 4 huvuka nchi nzima, na unaweza kumsikia msee wa mbali akiongea taratibu kwa redio ndogo. Ngoja kidogo atatokea mwingine, mkubwa kuliko wote, sauti imejaa mwangwi, anamfunika huyo wa kwanza. Chukua kalamu ujaribu kuandika neno moja alilosema.