Kuonwa Si Kusomwa

Tangu vyama vyetu vianze kupokea mialiko na matangazo kwa barua pepe, yamezuka mazoea mabaya. Mtu akiulizwa habari ya barua fulani, jibu lake ni moja tu: "Hiyo ilikuwa imeshasomwa." Imesomwa na nani? Kimya. Lini? Kimya. Na huyo aliyeisoma alifanya nini? Kimya kabisa! Kisa na maana, kompyuta imeonyesha kwamba barua imesomwa, na kompyuta, ati, haidanganyi.

Naam, kompyuta haidanganyi. Lakini hayo tunayodai imesema, haikuyasema. Maoni yangu ni haya: alama za barua pepe ni msaada mzuri wa kumbukumbu, lakini ni shahidi mbaya. Anayezitumia kumhukumu mwenzake anakosea. Anayezitumia kukwepa kazi anakosea zaidi. Na anayezidharau kwa kuwa hazielewi anajinyima chombo kizuri. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Hebu basi tutazame jinsi vilivyoundwa.

Tuanze na sanduku la posta, maana hilo kila mtu analijua. Shule ina S.L.P. yake. Karani huenda posta na ufunguo, huchukua barua zote, akarudi nazo ofisini, na sanduku likabaki tupu. Barua pepe nayo ina utaratibu unaofanana na huo, unaoitwa POP. Kwa kawaida, programu ya barua huzichukua barua kutoka kwenye seva na kuzileta katika kompyuta yako. Yanayotokea baada ya hapo, kwamba umesoma au umejibu, seva haina habari nayo.

Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Mark Crispin alibuni utaratibu mwingine, IMAP. Huu ni kama kwamba barua hazitoki posta kamwe. Zinakaa palepale kwenye seva, nawe unakwenda kuzisomea huko, leo kwa kompyuta ya maabara, kesho kwa simu ya mzazi ukiwa likizoni. Sasa, kwa kuwa barua haziondoki, utajuaje ipi umeshaishughulikia na ipi bado? Ndipo zikawekwa alama zinazokaa pamoja na barua hukohuko kwenye seva. Ukijibu barua kwa kompyuta, simu nayo itaona kwamba imejibiwa. Alama hizo huitwa bendera.

Katika kanuni za mwaka 2003, ambazo zilitumika kwa muda mrefu, bendera rasmi zilikuwa sita. Kila moja huandikwa ikitanguliwa na mkwaju ulioegemea kushoto. Ya kwanza ni \Seen, ambayo maana yake ni "imeonwa". Ya pili ni \Answered, "imejibiwa". Ya tatu ni \Flagged, yaani barua hii ni ya dharura au inahitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee. Katika programu nyingi utaiona ikiwa nyota au kibendera. Ya nne ni \Deleted, "imefutwa". Ya tano ni \Draft, yaani rasimu, barua ambayo haijamalizwa kuandikwa. Ya sita ilikuwa \Recent, iliyoonyesha kwamba barua ndiyo kwanza imeingia. Kanuni zilipoandikwa upya mwaka 2021, hiyo ya sita iliachwa.

Sasa sisi wa Chama cha Kiswahili tunajua kuwa neno ni neno. Hebu tuzipime bendera hizo kwa mizani ya lugha yetu.

Chukua \Deleted. Neno linadai "imefutwa". Wapi! Barua ingali palepale. Bendera hiyo inasema tu kwamba barua inangoja kufutwa, na haiondoki mpaka itolewe amri nyingine ya kuzifagia zote zilizowekwa alama hiyo. Kabla ya amri hiyo unaweza kuishusha bendera, barua ikarudi kama zamani. Mwalimu wa sarufi angesahihisha kwa wino mwekundu: kiambishi "-me-" hapa si mahali pake, andika "itafutwa".

Halafu chukua \Seen, ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu. Maelezo ya kanuni yanasema barua "imesomwa", lakini tazama inavyotundikwa. Programu ikiiomba seva mwili wa barua kwa amri ya kawaida, seva huitundika bendera papo hapo. Haingoji mtu amalize hata sentensi ya kwanza. Ukiifungua barua, kengele ya chakula ikalia, ukaifunga, mbele ya mashine umeisoma. Programu nyingine hukufungulia barua upande wa kulia pindi unapopita juu ya kichwa chake, nayo ikahesabiwa. Ipo pia amri ya kuchungulia, ambayo huleta mwili wa barua bila kutundika bendera yoyote. Kwa hiyo barua yaweza kusomwa yote na isionyeshe dalili! Tena mtu yeyote mwenye ruhusa anaweza kuishusha bendera kwa kubonyeza mahali palipoandikwa "haijasomwa".

Basi kuonwa kuna mambo yake, kusomwa kuna yake, kueleweka kuna yake, na kutendewa kazi ndiko mbali zaidi. Katika Kiswahili hivyo ni vitenzi vinne tofauti. Mbona tukifika mbele ya kompyuta tunavifanya kimoja?

Zaidi ya hayo, bendera haina jina wala saa. Kanuni zenyewe haziweki kumbukumbu ya nani aliyeitundika wala lini. Tena haimfikii aliyekuandikia barua, kwa maana ni ya sanduku la mpokeaji. Wengi wetu tumezoea alama mbili za buluu za WhatsApp, zilizoanza mwaka 2014, ambazo humjulisha aliyetuma kwamba ujumbe wake umefunguliwa. Tukadhani barua pepe ni vivyo hivyo. La hasha! Kama mwandishi anataka kujulishwa, huo ni utaratibu mwingine wa kuomba stakabadhi, na mpokeaji anaweza kukataa kuitoa.

Mtu atauliza, je, haya yana uzito gani kwetu? Yana uzito, tena mkubwa. Mwaka jana chama kimoja ninachokifahamu vizuri, ambacho sitakitaja, kilikuwa na anwani moja ya barua pepe na maofisa watano wenye neno la siri moja. Ukaja mwaliko wa mashindano ya kughani mashairi. Mmoja wao aliufungua katika maabara, muda wa kompyuta ukaisha, akaenda zake. Wenzake wanne walipoingia siku zilizofuata waliona kichwa cha barua hakina tena herufi nzito. Kila mmoja akasema moyoni, "Huu umeshashughulikiwa," akaupita. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ikapita.

Wanafunzi wawili waliokuwa wametunga na kufanya mazoezi muhula mzima walibaki shuleni wakiwatazama wa shule nyingine wakipanda basi. Lakini lililonichoma zaidi ni lililofuata. Ulipoitishwa mkutano, lawama zote ziliangushwa juu ya katibu. "Barua ilikuwa imesomwa," walisema, "na kusoma barua ni kazi ya katibu." Hakuwa ameiona hata kwa jicho moja. Akaomba aonyeshwe ushahidi, akaonyeshwa ile alama. Nusura anyang'anywe cheo, kama mlezi wa chama hangesimama kumtetea. Hebu fikirieni, mwanafunzi kuvunjiwa heshima kwa ushahidi wa bendera isiyojua aliyeitundika! Bendera hufuata upepo, na upepo huo ulikuwa umetoka kwa mtu mwingine.

Najua wako watakaosema, "Basi tuache mambo ya kompyuta, turudi kwenye karatasi na ubao wa matangazo." Siafikiani nao. Karatasi nayo huonwa bila kusomwa. Ni mara ngapi tumepita mbele ya ubao wa matangazo tukitazama kwa kona ya jicho? Wengine watasema kosa ni la waliobuni bendera hizo. Nao pia siafikiani nao. Wabunifu walikusudia kumsaidia mtu mmoja mwenye sanduku lake akumbuke alikofika. Bendera haikuumbwa iwe hakimu kati ya watu watano wanaogawana neno la siri. Ukikitumia kisu kukaza skrubu, usimlaumu mhunzi kikivunjika.

Kwa hakika, waliotunga kanuni hizi wametupa na zawadi ambayo wapenzi wa Kiswahili wangefaa kuishangilia. Mbali na bendera za barua, yapo masanduku madogo ndani ya sanduku kuu, nayo yamepewa sifa. Iko sifa inayosema sanduku hili lina mengine ndani yake, na iko inayosema halina. Iko sifa ya sanduku lisiloweza kufunguliwa, yaani ni rafu tu ya kupangia mengine. Mwaka 2011 zikaongezwa sifa za kueleza kazi ya sanduku: hili ni la zilizotumwa, hili la rasimu, hili la takataka, hili la barua za ovyo, hili la kumbukumbu.

Faida yake nini? Kabla ya hapo programu ililazimika kubahatisha kwa jina. Mjerumani ameliita sanduku lake kwa Kijerumani, Mfaransa kwa Kifaransa, na programu haielewi ni lipi la barua zilizotumwa. Kwa hizo sifa, jina ni la binadamu, kazi inajulikana kwa mashine. Unaweza kuliita sanduku lako "Zilizotumwa" na jingine "Jaa la Taka", na programu inayozifuata kanuni hizo haitapotea. Jina moja pekee ndilo lililowekewa sheria, INBOX, sanduku la barua zinazoingia, nalo laweza kuandikwa kwa herufi kubwa au ndogo. Hata hilo, programu inaweza kulionyesha kwa jina la Kiswahili machoni pako. Basi wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi mambo ya kompyuta, watuambie mlango gani umefungwa hapo.

Nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu, natoa mapendekezo manne kwa chama chetu na vyama vyote vya shule.

Kwanza, kila juma awepo mtu mmoja wa zamu ya sanduku, jina lake likiwa limeandikwa. Wengine wakifungua barua kwa kupita, wairudishe kuwa "haijasomwa" kabla ya kutoka.

Pili, tuiheshimu nyota. Barua yoyote yenye tarehe ya mwisho itundikwe ile bendera ya dharura, na isishushwe mpaka kazi iishe. Hiyo hutundikwa kwa makusudi. Haijitundiki yenyewe kwa kufunguliwa kama ile ya kwanza. Ndiyo maana naiamini zaidi. Seva nyingi huruhusu pia alama za kujitungia. Tungeweza kuwa na yetu, "imeshughulikiwa", ikawekwa na aliyefanya kazi yenyewe.

Tatu, liwepo daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Barua iliyoingia, tarehe yake, aliyeijibu na alichojibu, viandikwe mstari mmoja tu. Hapo ndipo patakapopatikana jina na saa ambavyo bendera haina.

Nne, na hili nawaelekezea walimu wetu kwa heshima zote: tunapofundishwa kompyuta, tusifundishwe mahali pa kubonyeza peke yake. Tuelezwe kinachotokea nyuma ya kioo. Kesho tutamaliza shule, na barua za kuitwa chuoni, za mikopo ya karo na za mahojiano ya kazi zitatujia kwa njia hiihii. Hapo hakutakuwa na mlezi wa chama wa kumtetea mtu.

Ndugu zangu, hakuna mashine itakayosoma kwa niaba yetu. Mtu akikuambia barua "imesomwa", usikubali kauli ya kutendwa ikamficha mtendaji. Muulize: nani ameisoma, na amefanya nini? Akishindwa kujibu, basi ihesabu kuwa barua hiyo bado inangoja, ukaifungue mwenyewe.

Kalamu naiweka chini. Kiswahili kitukuzwe!