Risala ya Walimu wa Kata kwa Mgeni Rasmi: Kishikwambi Tumekipokea, Kompyuta Bado Tunaidai

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Maafisa Elimu wa Msingi na Sekondari,
Mheshimiwa Diwani wetu,
Wazazi na walimu wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, sisi walimu wa shule za msingi na sekondari za kata hii tunaomba kutumia Siku ya Walimu Duniani, leo tarehe 5 Oktoba, kusema jambo moja tu. Madaraja, malimbikizo na nyumba za walimu tumeyasema miaka iliyopita, na barua zake mnazo. Leo tumekuja na habari ya kishikwambi.

Tuanze na shukrani, na shukrani yetu si ya punda. Kuanzia tarehe 23 Agosti 2022 wengi wetu tulipita nyumba kwa nyumba tukiwa makarani wa Sensa. Miaka kumi kabla ya hapo, watu walihesabiwa kwa madodoso ya karatasi. Safari hii nchi ilihesabu kwa vishikwambi, na idadi ya watu 61,741,120 ikatangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka uleule. Kwa hiyo mbele yenu hawajasimama watu wanaokiogopa kifaa hiki. Tumekibeba juani na kwenye vumbi, tukakiwasha gizani kwa wenye kaya waliorudi kutoka shambani usiku, na kazi ikaisha. Sensa ilipokwisha, Serikali ikaamua vishikwambi viende kwa walimu. Tulivipokea kwa furaha na bado tunavitumia. Vitabu vya Taasisi ya Elimu tunavisoma humo kupitia maktaba mtandao. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, tunayafuata humo. Mwalimu wa darasa la kwanza anamrekodi mtoto akisoma, kisha anamsikilizisha sauti yake mwenyewe, na mtoto anacheka huku akijirekebisha. Hatuombi kitu hicho kiondolewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, malalamiko yetu yameanzia kwenye fomu ya vifaa ambayo shule hujaza kila mwaka na kuipeleka Halmashauri. Fomu hiyo ina safu ya kompyuta. Baada ya vishikwambi kugawiwa, walimu wakuu walielekezwa waviandike kwenye safu hiyohiyo. Basi shule yenye walimu kumi na wanne na kompyuta moja mbovu ikasomeka kuwa ina kompyuta kumi na tano. Tangu hapo kila ombi la kompyuta linarudi na jibu lilelile: shule ina vifaa vya TEHAMA vya kutosha. Kompyuta mbovu nazo hazitengenezwi tena, maana kwenye karatasi hakuna upungufu. Zawadi tuliyopewa iwe nyongeza imegeuka sababu ya kunyimwa kile tulichokuwa nacho.

Tunaambiwa kwamba kama kishikwambi kiliweza kuhesabu taifa zima, hakiwezi kushindwa kazi ya shule moja. Hoja hiyo ina mvuto, ndiyo maana inajirudia. Lakini waliokuwa makarani wanajua ilivyokuwa. Dodoso lilikuwa limekwisha kutungwa na wataalamu waliokaa mbele ya kompyuta miezi mingi. Maswali yalikuja yamepangwa, na majibu mengi yalikuja yameorodheshwa. Karani aliuliza, akagusa jibu, akaandika jina au umri, akaenda swali linalofuata. Kazi ya mwalimu ni kinyume chake. Yeye ndiye anayelitunga dodoso. Anaandika azimio la kazi la mwaka mzima, andalio la somo, nukuu, mtihani na mwongozo wa kusahihishia, kisha anakaa na alama za mamia ya watoto. Wapo wanaofanya kazi yao yote kwenye kioo cha mkononi, na hatuwabishii: mchoraji mwenye kalamu yake ya kidijitali, mkaguzi wa mashamba, daktari anayezungukia wodi. Hao wanatazama, wanagusa na wanachora. Sisi tunaandika, tena kwa kurasa.

Mchukulieni mwalimu wa taaluma wa shule ya sekondari wakati wa kufunga muhula. Ana kidato cha pili chenye mikondo mitatu, na kila mwanafunzi ana masomo yake. Akifungua jedwali la Excel kwenye kishikwambi na kibodi ikajitokeza, nusu ya kioo imekwenda. Akisogea kulia kutafuta safu ya Hisabati, majina yanapotea kushoto. Akiligandisha jina lisipotee, safu ya majina inakula nafasi ya alama. Hivyo ndivyo alama ya mtoto inavyoingia mstari wa mwenzake, na mzazi anakuja Januari akiwa na ripoti isiyo ya mwanawe. Lile jedwali ambalo walimu wengi wamerithishana kwa flashi, linalopanga nafasi na madaraja lenyewe kwa kubofya kitufe kimoja, ndani lina makro, na makro haziendeshwi na Excel ya Android. Word ya kwenye kishikwambi nayo haina ile njia ya kutoa barua mia mbili za wazazi, kila moja na jina lake. Mwalimu anaandika jina moja, anahifadhi, anafuta, anaandika la pili. Usiku wa manane bado yuko herufi M.

Walimu wakuu wana mzigo wao juu ya huo. Hesabu za shule zinaingizwa FFARS, manunuzi yanapita NeST, taarifa za wanafunzi ziko PReM, na kila mtumishi ana majukumu yake ya kujaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi. Mifumo hiyo ina majedwali mapana, na mara nyingi unatakiwa kusoma hati moja huku ukijaza nyingine. Kwenye kompyuta unaziweka pembeni kwa pembeni. Kwenye kishikwambi unanakili namba kwenye kiganja, na hatusemi hivyo kwa mzaha, maana wino wa viganja hivyo tunauona asubuhi ofisini.

Ndugu Mgeni Rasmi, haya yote ni adha, na mwalimu amezoea adha. Linalotukosesha usingizi ni mitihani.

Shule isiyo na kompyuta haina pia printa ya kuunganisha nayo. Mwalimu akimaliza kutunga mtihani kwenye kishikwambi, njia aliyobaki nayo ni kuutuma kwa WhatsApp kwenye steshenari ya stendi au ya gulioni. Kijana wa steshenari anaupokea kwenye simu yake, anauhamishia kwenye kompyuta ya duka, anaufungua. Mara nyingi mpangilio umevurugika. Mchoro wa moyo umeshuka ukurasa wa pili, sehemu za Hisabati zimegeuka alama zisizosomeka, na swali la saba limekuwa la kwanza. Kwa hiyo kijana anauchapa upya, na ili auchape sharti ausome. Nyuma yake kuna benchi la wateja. Mwingine amekuja kupiga picha ya pasipoti, mwingine kudurufu kitambulisho, na mwingine ni mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekuja kuchapa barua ya kuomba kazi ya likizo. Kazi ikiisha, mtihani unabaki kwenye kompyuta ya duka ukiwa na jina la shule na tarehe ya kufanyika. Unabaki kwenye simu ya kijana. Unabaki kwenye kikundi cha WhatsApp endapo mwalimu, kwa uchovu, aligusa jina la juu badala ya la chini.

Mwaka jana mtihani wa pamoja wa ujirani mwema katika kata hii uliahirishwa asubuhi yake, kwa sababu swali la Sayansi lilikuwa limekwisha jadiliwa njiani na watoto wa shule mbili. Mwalimu aliyeutunga aliandikiwa barua ya kujieleza. Tunaomba mseme wazi mbele ya hadhara hii: alitakiwa auchape wapi? Barua aliijibu kwa kalamu. Hakutaka nayo ipitie steshenari.

Gharama za hiyo safari ya stendi zinatoka kwenye ruzuku ya uendeshaji. Ruzuku hiyo kwa shule ya msingi inapigiwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika ndicho kinachonunua chaki, kutengeneza dawati na kulipa maji. Fedha inayokwenda kumlipa mwenye duka kwa kila ukurasa, muhula hadi muhula, ingeweza kununua karatasi na tona ya printa ya shule. Mahali ambapo ruzuku haitoshi, mwalimu analipa mfukoni, kama anavyolipa bando. Na kwa kuwa tumetaja mfuko wa mwalimu: fomu ya makabidhiano tuliyosaini inasema kifaa kikiharibika mtumiaji atagharamia. Kioo kikipasuka, mafundi simu wa hapa hawana cha kubadilisha. Betri za vishikwambi vile zimekwisha tumika miaka kadhaa, na baadhi hazivuki saa nne za asubuhi bila chaja. Betri kuchoka ni umri, haiwezi kuwa uzembe wa mwalimu.

Tumesikia pia kwamba vijana siku hizi wanaandika hata vitabu kwenye simu, na kwamba tatizo ni walimu wazee kukataa kubadilika. Walimu wengi wa kata hii hawajafika miaka arobaini. Ndio wanaowatengenezea wazee nywila zao. Ndio pia waliotuomba tuiandike risala hii, nayo imeandikwa kwenye kompyuta ya kuazima ya parokia, kwa saa tulizopangiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunachodai si kikubwa kuliko uwezo wa Halmashauri, na sehemu yake haihitaji hata shilingi.

Kwanza fomu ya vifaa irekebishwe muhula huu, kishikwambi kiwe na safu yake na kompyuta iwe na yake. Bila hilo mengine yote yatakwama, kwa sababu hakuna afisa atakayepanga bajeti ya upungufu usioonekana. Fomu ya makabidhiano nayo itofautishe kifaa kilichovunjwa na kifaa kilichochakaa, na walimu waliokwisha andikiwa madai ya betri wafutiwe.

Kisha kila shule ipate walau kompyuta moja inayofanya kazi, ya mezani au mpakato, pamoja na printa yake. Hatuombi kila mwalimu awe na yake, ingawa siku hiyo ikifika hatutakataa. Tunaomba iwepo ofisi moja yenye mlango unaofungwa, ambamo mtihani unatungwa, unachapwa na kufungiwa bila kutoka nje ya geti. Shule zenye kompyuta zilizokufa zitembelewe na fundi wa TEHAMA wa Halmashauri kabla ya kununua mpya, maana nyingine tunaamini zinahitaji tu kisambaza umeme cha ndani au diski, na zinalala stoo chini ya magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Fedha zikichelewa, Kituo cha Walimu cha kata kipewe printa kubwa kwa muda, na mitihani ya pamoja ichapwe hapo na si kwingine.

Wakati tunasubiri, kuna dogo la kufanya sasa. Kishikwambi cha Android kinakubali kibodi ya kawaida kwa ule waya mdogo ambao mafundi simu wanauita OTG. Kibodi, kipanya na waya huo kwa ofisi ya kila shule vitarudisha nusu ya kioo inayomezwa na kibodi ya kugusa, na vidole vyetu kumi vitapata kazi. Havitaendesha makro wala kuleta printa, na tusingependa mwakani vihesabiwe navyo kuwa kompyuta.

Tunaomba majibu ya risala hii yatolewe kwa maandishi kabla vikao vya kuandaa bajeti ya mwaka ujao wa fedha havijaanza, na nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za shule zote za kata. Orodha ya shule, idadi ya kompyuta nzima na mbovu, na namba zao za usajili tumeiambatisha. Imeandikwa kwa mkono, kwa sababu saa zetu za parokia zilikuwa zimekwisha.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Walimu wa Kata