Eksirei tunazozihesabu na zile tusizozihesabu

Kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Mataifa inayofuatilia mionzi, UNSCEAR, ilikadiria kuwa kati ya 2009 na 2018 vipimo vya mionzi, vya meno vikiwemo, vilifika bilioni 4.2 kwa mwaka duniani. Watu tulikuwa bilioni 7.3. Gawanya: zaidi ya picha moja kwa kila watu wawili. Huku kwetu Itaka wapo wazee waliolima kahawa maisha yao yote na mashine ya eksirei hawajawahi kuiona.

Mimi ni karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, makadirio nayajua. Kabla ya msimu tunaulizwa tutavuna kilo ngapi. Waliofika mkutanoni wanataja miche yao, wasiofika tunawajazia kwa kuwafananisha na hao. UNSCEAR nayo hufanya hivyo: nchi nyingi hazijibu dodoso lake, basi hukadiriwa kwa kuangalia mambo kama kipato na idadi ya madaktari. Siilaumu. Kasoro iko huku kwetu, picha zinakopigwa.

Mpwa wangu alianguka na bodaboda barabara ya Tunduma. Hospitali ya kwanza wakampiga picha ya mguu, wakampa rufaa. Ya pili wakaitazama filamu aliyokwenda nayo kwenye bahasha ya kaki, wakasema haisomeki, wakapiga mbili nyingine. Alipofungwa hogo, ikapigwa tena. Mguu mmoja, picha nne. Jirani yetu anayekohoa aliandikiwa picha ya kifua, akapiga hesabu ya nauli ya kwenda kupigwa Vwawa, akarudi shambani na karatasi yake. Huyo hayumo kwenye hesabu yoyote.

Tena picha hazilingani kwa mionzi. CT-Scan ni kama kumi tu katika kila vipimo mia, lakini ndiyo inayobeba zaidi ya asilimia 60 ya mionzi yote ya vipimo hivyo.

Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, hukagua mashine hizi. Wakaguzi wakija, wachukue pia rejesta: picha ngapi, za kiungo gani, ngapi zimerudiwa. Na vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu za wagonjwa kwenye vituo vya afya, viongezewe safu moja: aliyeandikiwa picha, alirudi na majibu? Manesi watanuna, vitabu vya kujaza wanavyo tele. Basi zifutwe zile safu ambazo hakuna anayezisoma.