Mali Bila Daftari: Likizo ya Mwenye Kwenda Kusoma Uchumi

Kila kaskazi inapoanza kuvuma na shule zikafungwa, wazazi wa mji huu hujiuliza swali lile lile: kijana huyu atafanya nini siku zote hizi? Na kwa waliomaliza mtihani wa Kidato cha Nne swali hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa aghalabu hukaa tangu Novemba mpaka Agosti au Septemba kabla ya kuingia chuo kikuu. Wengi katika hao hukuambia kwamba wanakwenda kusoma uchumi. Ukiwauliza wanajitayarisha vipi, hukuonyesha karatasi walizorithi kwa waliotangulia, zimejaa maana za maneno ya kukaririwa: uchumi ni nini, mahitaji ni nini, ugavi ni nini.

Wengine wadogo wao, walio bado shuleni, hutafutiwa mwalimu wa tuisheni, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza tuisheni za likizo. Mimi sina ugomvi na kusoma. Ninalolisema ni kwamba mwenye kutaka kuujua uchumi, na anakaa Mombasa, amejaliwa darasa lisilotoza karo. Darasa hilo ni Biashara Street. Anachohitaji ni daftari, kalamu, na adabu ya kuuliza.

Tuanze na jambo ambalo sote tumelizoea hata hatulioni. Maduka ya leso yamepangana ubavu kwa ubavu, huyu na huyu wakiuza kitu kimoja. Kwa akili ya haraka, mtu angesema mwenye duka angefanya vyema kwenda mtaa usio na mshindani. Mbona hawaendi? Kijana na aliandike swali hili ukurasa wa kwanza, kisha asimame akitazame kina mama wanaotoka Likoni, Kisauni na Changamwe. Mama hafungi safari na kulipa nauli mbili ili aone duka moja. Huja hapa kwa kuwa anajua akikosa rangi au jina analolitaka kwa huyu, atalipata kwa yule, na bei ataipima kwa masikio yake mwenyewe. Wauzaji wanashindana, lakini kwa kukaa pamoja wanaitana wateja. Hilo ni somo zima, na mwalimu atakapolifikia darasani, kijana wetu atakuwa ameshaliona kwa macho.

Ukurasa wa pili uwe wa bei. Leso ile ile, katika asubuhi moja, hutajwa kwa bei mbalimbali. Mgeni hutajiwa hivi, mjuzi hutajiwa vile, na mchuuzi anunuaye kwa dazeni ana bei yake. Zamani nguo zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na hesabu ilikuwa ni ile ile: anayechukua nyingi humpunguzia muuzaji taabu na hatari ya kukaa na mali, naye kwa hiyo hupunguziwa bei. Wazee wakasema biashara haigombi. Katika kule kupatana bei kuna jambo ambalo wataalamu wameliandikia vitabu, nalo ni kwamba mwenye habari ana nguvu kuliko asiye nayo.

Ukurasa wa tatu ni wa kalenda. Leso hununuliwa zaidi zikaribiapo Idi na misimu ya arusi. Lakini mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi husogea nyuma kila mwaka. Atakayelinganisha mauzo ya mwezi wa Machi mwaka huu na Machi ya miaka mitano iliyopita, bila kujua Ramadhani iliangukia wapi, atasema biashara imekufa kumbe imehama tu. Kosa la namna hii laweza kufanywa na mwenye shahada kubwa asiyewajua watu anaowahesabu. Kijana wa pwani hana udhuru wa kulifanya.

Sasa nije kwa wale wasemao kwamba uchumi ni elimu ya kizungu, na kwamba mtoto aliyepita chuoni ataanza nyuma. Hao hawajui alichofundishwa chuoni. Mtoto aliyesoma zaka anajua moja katika arubaini ni kiasi gani, na kwamba kuna kiwango ambacho mali isipokifikia haitozwi. Aliyesoma faraidhi anajua kugawa. Mtu amekufa, baada ya madeni na wasia kutolewa, ameacha mke, mtoto mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Mali hukatwa mafungu 24: mke 3, mwanamume 14, mwanamke 7. Mwenye kuweza hesabu hiyo hawezi kutishwa na asilimia.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Sura ya 83 inawaonya wapunjao vipimo. Na katika Hadithi tunasoma kwamba bei zilipopanda Madina, watu wakamtaka Mtume, rehema na amani zimshukie, awapangie bei, naye akakataa, asije akamdhulumu mtu katika mali yake. Kijana atakapofika darasani na kuulizwa kama serikali ipange bei ya unga au isipange, ataikuta mada ambayo mafakihi walishaijadili kwa karne nyingi.

Na asidhani ya kwamba wote waliotangulia katika elimu hii ni watu wa Ulaya. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika Mukadima yake mwaka 1377. Humo alieleza kwamba mtu mmoja hawezi peke yake kujipatia hata chakula chake bila mikono ya wengine, wenye kulima, wenye kufua vyuma na wenye kusaga. Na kwamba dola changa hutoza kodi nyepesi ikapata mapato mengi, na dola iliyochakaa hutoza kodi nzito ikapata machache. Ilipita karibu miaka 400 kabla ya Adam Smith kutoa kitabu chake cha utajiri wa mataifa mwaka 1776. Wote wawili wasomwe, na kila mmoja apewe haki yake.

Wasichana nao wasiambiwe kwamba darasa hili ni la wavulana. Wao wana mchezo wa mama zao. Tuseme wanawake kumi, kila mmoja hutoa shilingi 1,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja hupokea 10,000. Hapana riba, hapana karatasi za benki, na mwisho wote wametoa sawa na kupokea sawa. Lakini je, aliyepokea wiki ya kwanza na aliyepokea wiki ya kumi wamefaidika sawa? Wa kwanza aliweza kununua mali ya jumla akaizungusha. Wa mwisho, ikiwa sukari na mafuta vimepanda hapo kati, fedha zake zimenunua pungufu. Mbona basi wapo wanaopenda kuwa wa mwisho? Kwa sababu kwao mchezo ni kibubu kisichovunjika. Binti atakayeliwaza swali hili kwa makini ataelewa kwa nini thamani ya fedha na wakati ni jambo zito, na kwa nini benki zifuatazo sharia zilizoanza hapa Kenya mwaka 2008 zilibidi kutafuta njia nyingine ya kupata faida.

Lipo neno jingine nilisikialo barazani: biashara ni damu, mtoto wa mfanyabiashara hahitaji kusomea. Neno hili linatugharimu. Tazama habari ya bandari yetu. Reli mpya ya kwenda Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba shehena ziingiazo zote zipelekwe bara kwa reli hiyo. Watu wa malori na wa vituo vya makontena wakalia, mji ukaandamana, na Oktoba mwaka huo amri ikasimamishwa. Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo forodhani irudi Mombasa. Katika miaka hiyo tulikuwa na sauti za kutosha. Lakini kilio hakihesabiki. Anayesikizwa mezani ni yule awezaye kuonyesha kwamba kontena likipita bila kusimama, muuza chai hupoteza kiasi hiki, fundi wa magurudumu kiasi hiki, na duka la leso, ambalo wake zao hununua humo, kiasi hiki. Damu ya biashara haifanyi hesabu hiyo. Huifanya aliyesoma.

Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, aliliona hili mapema. Katika gazeti lake la al-Islah la mwaka 1932 aliwahimiza Waislamu wa pwani washike elimu ya dini na ya dunia pamoja. Himizo hilo halijachakaa.

Walakini nisidanganye. Mtaa peke yake hautoshi. Mtaa hukuonyesha jambo, haukufundishi kulichora kwa mistari wala kulipima. Kwa hiyo asubuhi iwe ya mtaani na jioni iwe ya hisabati: asilimia, wastani, na kusoma mchoro. Akipata gazeti, asome bei ya dola, kisha amuulize mwenye duka leso zitokazo India zimepanda kwa kiasi gani. Hapo atauona ulimwengu umefungwa katika pindo la nguo.

Nanyi wenye maduka, kijana akija na daftari lake msimfukuze mkidhani ni mpelelezi wa kodi. Na mkimweka kazini likizo, msimfanye hamali tu wa kubeba majora na kuleta chai. Mpeni ujira wake, mkae naye mara moja kwa wiki mumfungulie hesabu: kilichonunuliwa, kilichouzwa, kilichokopeshwa na kisicholipwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliyasema haya kwa mwenye duka, lakini na mji pia una mali yake, nayo yataka mwenye kuiandika. Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu wawe ndio waandishi wake. Amin.